Upweke hausubiri mkojo: kisa cha glaida aliyejilamba mpaka kipara

Dalili ya kwanza haikuwa kipara. Ilikuwa unyevu. Jioni moja Kivuli, shuga glaida wangu, mnyama mdogo wa usiku, alipochungulia kutoka kwenye kifuko chake cha kulalia, niliona shina la mkia limelowa, manyoya yameshikana kama brashi iliyochovywa majini. Nikasema moyoni: leo kajipamba. Nikamwekea chakula, nikaenda zangu. Siku tisa baadaye pale palipokuwa pamelowa pakawa ngozi tupu ya rangi ya waridi, upana wa ukucha wa kidole gumba. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, kosa juu ya kosa.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu makosa yangu si ya ajabu. Ni yaleyale ambayo mfugaji wa shuga glaida huyafanya akishasoma kidogo. Anajua kwamba mnyama huyu huumia akiishi peke yake, basi kila unyoya unaodondoka anausomea upweke. Mimi niliusoma upweke mpaka damu ikatoka.

Wageni wakiona yale macho makubwa usiku husema ni komba. Sivyo. Komba yuko upande wa kima na nyani. Glaida ni mnyama wa mfuko, jamaa wa mbali wa kangaruu, na kwao ni Australia na kisiwa cha Guinea Mpya. Mwaka 2020 watafiti waliigawa ile spishi iliyokuwa ikiitwa Petaurus breviceps kuwa tatu, jambo ambalo mfugaji anaweza kulisahau bila hasara. Asichoweza kusahau ni uzito: glaida aliyekomaa ni gramu 80 hadi 160 hivi. Mnyama wa kadiri hiyo hana akiba. Tone la damu kwake si tone, na siku mbili za kutokula si jambo la kusubiri kuona kesho itakuwaje.

Kujisafisha ni sehemu kubwa ya maisha yake, na ameumbwa kwa kazi hiyo. Kwenye mguu wa nyuma kidole cha pili na cha tatu vimeungana, vikabaki na kucha mbili zilizosimama sambamba. Hilo ndilo chanuo lake. Hutema mate viganjani, akapangusa uso na masikio, akachana ubavu kwa mguu, kisha akaupitia mkia kwa meno ya mbele ya chini, marefu, ambayo porini hutumika kuchubulia gome ili utomvu utoke. Ni meno ya kazi. Yakigeuziwa mwili wenyewe hukata manyoya bila shida, na baada ya manyoya hakuna kinachoyazuia yasifike kwenye ngozi.

Basi kujilamba kupita kiasi ni kupi, ikiwa kujilamba kwenyewe ni kawaida yake? Zamani nilidhani ni suala la dakika. Siku hizi natazama kile anachokiacha. Glaida mzima akisikia kibakuli kinawekwa hukatiza usafi wake katikati na kukimbilia chakula. Kivuli, wiki ile ya pili, alinisikia, akageuza sikio, akaendelea kulamba. Nililiona hilo. Sikulipa uzito.

Historia yake ni hii. Dume, miaka minne, alihasiwa akiwa mdogo. Aliishi miaka mitatu na jike aitwaye Nukta, kizimba kimoja, kifuko kimoja. Nukta alikufa. Kilichomuua si kisa cha leo. Ule unyevu kwenye mkia niliuona siku kumi na nne baada ya kifo chake.

Msomaji atakubali kwamba ushahidi ulikuwa umejipanga wenyewe. Porini glaida huishi kwa makundi, wakubwa hadi saba na watoto wao, wakilala rundo moja ndani ya pango la mti. Madume huwapaka wenzao harufu ya tezi zao za kichwani na kifuani, hivi kwamba kundi zima linanuka ukoo mmoja. Akiondoka mwenza, huondoka na joto na harufu ya nyumbani. Na inajulikana vizuri kwa madaktari wa wanyama wasio wa kawaida kwamba glaida anayefugwa peke yake, au aliyefungiwa na mwenzake asiyepatana naye, huweza kujinyonyoa, hasa kwenye shina la mkia. Huweza pia kuzunguka njia ileile usiku kucha, kula mno, kunywa mno, hata kula kinyesi chake. Shina la mkia! Nilipokutana na maneno hayo nilihisi kama nimesomewa barua iliyoandikwa kwa jina langu.

Nikatafuta jike.

Hapa niseme waziwazi nilichofanya, maana ndiyo sehemu ya kisa inayoniuma. Mnyama mgeni anatakiwa kutengwa kwanza, wiki kadhaa, kinyesi chake kipimwe, ngozi yake ikaguliwe, kabla hajakaribia mwenyeji. Baada ya hapo hukutanishwa kwa hatua. Mimi nilimleta Tone, jike wa miezi minane, nikampa usiku tatu katika kizimba cha pembeni, na usiku wa nne nikafungua mlango. Nilijihalalishia kwamba Kivuli anateseka na kila siku ya kungoja ni siku ya mateso.

Walianza kwa ile sauti ambayo kila mfugaji huijua, ya mtambo wa zamani usiotaka kuwaka, ambayo glaida huitoa akiogopa au akikasirika. Halafu wakashikana. Ulikuwa mpira mmoja wa manyoya unaobingirika sakafuni mwa kizimba. Niliwatenganisha kwa taulo. Tone hakuwa na jeraha. Kivuli alikuwa na mchubuko kwenye paja, mdogo, nikausafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuona mambo yamekwisha.

Usiku uleule alijilamba mpaka alfajiri. Asubuhi nilikuta alama za damu kwenye kitambaa cha kifuko, nikajua zimetoka pajani. Nilipomgeuza, paja lilikuwa kavu. Damu ilitoka kwenye shina la mkia.

Nisimame hapo kidogo. Kunyonyoa manyoya na kujitafuna ngozi ni mambo mawili tofauti kwa haraka yake. Unyoya ukikatika unaweza kuandika miadi ya wiki hii. Ngozi ikishafunguka, mtafute daktari siku hiyo, usiku huo kama yupo. Kidonda hudunda, mdundo huvuta ulimi, ulimi huvuta meno, na glaida wamewahi kujikata mikia, miguu, na madume sehemu zao za siri, kwa saa chache tu. Kinachofanywa njiani ni kidogo: mnyama azungushiwe kitambaa laini kisichochomoka nyuzi, mikono yako iwe kati ya mdomo wake na kidonda, awe na joto. Dawa za maumivu za binadamu zisikaribie. Kwa gramu 100 na ushei, punje ya kidonge inaweza kuwa sumu.

Daktari aliyempokea alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Alimtazama Kivuli ndani ya kifuko kwa muda mrefu kabla ya kumgusa. Nikampa maelezo yangu yote, kifo cha Nukta, upweke, jike mpya, ugomvi.

"Unajuaje kwamba ni upweke?" akauliza.

"Kwa sababu mwenzake amekufa, daktari."

"Hiyo ni sababu ya kuwa na majonzi. Mimi nauliza sababu ya kulamba *hapo*."

Sikuwa na jibu. Akaniuliza kama nina kamera ya usiku. Ninayo, ya taa isiyoonekana, niliyoifunga zamani ili nimtazame akikimbia kwenye gurudumu. Nilikuwa na video za wiki mbili na sikuwahi kuzitazama kwa ajili ya hili. Akanipa kazi: wakati yeye anamshughulikia Kivuli, mimi nikae kwenye benchi na simu, niandike kila mara anapoanza kujilamba, na kilichotokea dakika moja kabla.

Nilikaa. Nilitazama usiku nne. Ilipofika usiku wa pili mkono wangu ulikuwa unaandika neno lilelile. Amekojoa, analamba. Amekwenda haja, analamba. Ametulia kwenye tawi, amekojoa, amejikunja kama pete, ameukamata mkia kwa mikono miwili na kuuvuta mbele, analamba chini yake, kisha juu yake, kisha anatafuna. Mchana, saa ambazo glaida hulala fofofo, alikuwa anaamka, anatoka kifukoni, anakojoa, analamba, anarudi. Kulikuwa na nyakati nyingine pia, sikatai, hasa jioni. Lakini karibu theluthi mbili ya nilizoandika zilifuata haja.

Upweke hausubiri mkojo.

Alichokikuta daktari

Glaida hakaguliwi vizuri akiwa macho. Anahangaika, daktari anaona nusu, na hofu yenyewe inaweza kumdhuru. Kwa hiyo alipewa gesi ya nusukaputi kwa barakoa ndogo, juu ya godoro la joto, maana mwili mdogo hivyo hupoa upesi sana akilala. Kazi nzima haikufika robo saa.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchukua manyoya machache pembezoni mwa kipara na kuyaweka chini ya hadubini. Kipimo hiki hakigharimu chochote cha kutisha na sijui kwa nini sisi wafugaji hatukizungumzi. Ncha za manyoya zilikuwa zimevunjika, zina makwaruzo, huku mizizi ikiwa mizima. Maana yake manyoya hayakudondoka, yalikatwa. Kama ingekuwa ugonjwa unaoyang'oa kutoka ndani, ncha zingekuwa salama na tatizo lingeonekana kwenye mzizi. Hapo tayari nusu ya maswali ilijibiwa: ngozi haikuwa mshtakiwa mkuu, meno ndiyo.

Akakwaruza ngozi kidogo kutafuta utitiri, hakuna. Akatafuta fangasi, hakuna. Viroboto hakuna. Kinyesi hakikuwa na vimelea. Akamchunguza mdomo, maana jino bovu huweza kumfanya mnyama atafune tafune vitu visivyo na maana. Meno yalikuwa safi.

Halafu akamgeuza na kuinua mkia.

Kwa glaida, mkojo na kinyesi hutokea mlango mmoja, kloaka, na pembeni mwa mlango huo kuna tezi za harufu, dume na jike wote wanazo. Tezi ya kushoto ya Kivuli ilikuwa karibu mara mbili ya mwenzake, ngumu, nyekundu juu. Alipoibana taratibu ikatoka rojo nzito ya kijivu yenye usaha ndani yake. Imeziba, imeoza, na kila alipokwenda haja misuli ya pale iliibana. Mkia uko sentimita chache tu kutoka hapo. Hakuwa anaulamba mkia. Alikuwa anatafuta njia ya kuifikia tezi, na mkia ulikuwa njiani.

Nakiri nilitaka kubisha. Nilisema, lakini alianza baada ya kifo cha Nukta. Daktari akasema inawezekana kabisa kwamba Nukta ndiye aliyekuwa akimsafisha sehemu zile, maana glaida wanaolala pamoja husafishana. Au kwamba mnyama mwenye majonzi hujikunyata kifukoni, hatembei, hapaki harufu yake, na tezi isiyotumika huziba kirahisi zaidi. Au kwamba ni sadfa. Alisema hayo matatu kwa sauti ileile, bila kupendelea moja, na hilo lilinifundisha zaidi kuliko kama angechagua.

Kuisoma ngozi kama ramani

Tangu siku ile, mtu akiniambia glaida wake anajilamba, swali langu la kwanza ni wapi. Mahali penyewe husema mengi kabla hata ya mnyama kupimwa.

Chukua ukosi na katikati ya mabega. Meno yake hayafiki huko. Akiwa na kipara ukosini chenye kingo safi, kama amenyolewa, mtazame mwenzake: huenda ni mwenza anayemnyonyoa, ama kwa ubabe ama kwa mazoea, na kumpa dawa aliyenyonyolewa ni kumwadhibu mwathirika. Upara wa kichwani kwa dume asiyehasiwa, wenye umbo la almasi, na ule wa kifuani, si ugonjwa hata kidogo. Ni tezi zake. Nimewahi kuona mtu akipaka marhamu kwenye tezi ya kichwa mwezi mzima, na glaida naye akiilamba marhamu mikononi mwezi mzima. Kivuli, kwa kuwa alihasiwa, paji lake lilikwishafunikwa na manyoya.

Jike anayelamba tumbo bila kukoma apimwe mfuko, kwa kuwa ndani ya ile mbeleko kunaweza kuwa na maambukizi, au chuchu iliyovimba, au mtoto aliyekufa. Lakini pia kunaweza kuwa na mtoto mzima wa afya, na mama hulainisha njia kwa ulimi wakati wa kuzaa. Mimba ya glaida ni siku 16 tu hivi, mtoto huzaliwa mdogo kuliko punje ya maharage, na wengi hawajui jike wao amezaa mpaka mfuko utune. Dume anayejilamba uume usiorudi ndani ni dharura. Aliyetoka kuhasiwa na anatafuna nyuzi za mshono ni dharura kubwa zaidi. Kidole kimoja tu cha mguu kikilambwa, kitazame kwa lenzi: uzi wa kitambaa unaweza kuwa umekizunguka na kukikaba. Na manyoya yakififia mwili mzima, bila kiraka, bila ncha zilizokatika, hapo ndipo chakula huingia mashakani, pamoja na umri na magonjwa ya ndani.

Kipara cha shina la mkia ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo msongo wa mawazo na maumivu hukutana. Ungemtazama Kivuli kwa macho tu usingeweza kutofautisha. Mimi nilimtazama kwa macho tu.

Matibabu, na kile ambacho matibabu hayakugusa

Tezi ilisafishwa akiwa bado amelala. Akaandikiwa antibayotiki ya matone na dawa ya maumivu na uvimbe, kipimo chake kikiwa kimehesabiwa kwa gramu 131 alizopima siku ile. Na kola, ile ya kuvalishwa shingoni ili mdomo usifike kwenye kidonda.

Kola ilikuwa sehemu ngumu kuliko dawa zote. Glaida akivalishwa kola hawezi kujisafisha, hawezi kupanda vizuri, na baadhi hujigonga kwa hofu mpaka waumie. Tulitumia ya duara, nyepesi, iliyofunikwa kitambaa laini ukingoni ili isimkate shingo. Nilimwondolea matawi ya juu, nikashusha chakula na maji sakafuni kwenye sahani bapa, nikaondoa gurudumu. Mara mbili kila usiku nilimvua kola nikiwa nimemshika mikononi ili aoshe uso na kuchana ubavu, na mkia ukiwa umefunikwa kwa kiganja changu. Kumnyima kujisafisha kabisa ni kumwongezea jambo la kuhangaikia. Dakika kumi zile alikuwa anazitumia kwa pupa kama mtu aliyeruhusiwa kuoga baada ya safari.

Usiku wa tatu wa dawa alikojoa na hakugeuka. Nilirudisha video nyuma mara nne kuhakikisha. Mwisho wa wiki ya kwanza kulamba baada ya haja kulikuwa kumekwisha, kabisa, na kidonda kimefunga.

Ningependa kuishia hapo. Kingekuwa kisa safi cha mfugaji aliyedhani huzuni kumbe ni usaha. Lakini kola ilipovuliwa siku ya kumi na mbili, jioni yake akaanza tena. Safari hii tezi ilikuwa sawa. Tulirudi, ikapimwa, iko sawa. Nikakaa tena na daftari.

Mpangilio ulikuwa umebadilika. Haja haikuwa na uhusiano tena. Sasa alilamba kwa vipindi virefu, vya polepole, bila kutafuna sana, kati ya saa ya kuamka na saa niliyokuwa nikileta chakula, na mara nyingi akiwa kwenye kona ambako kifuko cha Nukta kilikuwa kikining'inia. Nikiweka bakuli, aliacha. Mchana hakuamka kabisa. Huyu hakuwa mnyama mwenye maumivu. Alikuwa na muda mtupu mikononi na ulimi uliokwisha kuzoea njia.

Ndiyo, upweke ulikuwepo. Nilikuwa nimeupa jina sahihi kwa wakati usio sahihi, na hilo linatosha kumgharimu mnyama ngozi yake.

Daktari alitaja dawa za kutuliza wasiwasi. Zipo, na kwa wanyama wanaojitafuna bila kukoma huwa msaada wa kweli, lakini alitaka kwanza nibadilishe usiku wa Kivuli. Porini usiku wa glaida ni kazi: kuchubua mikakaya na mikalitusi kwa ajili ya ulimbo na utomvu, kuramba nekta, kukamata wadudu. Kwangu chakula kilikuwa kinakuja bakulini saa ileile, kimekatwakatwa, kinaliwa kwa dakika ishirini, halafu saa tisa za giza zilizobaki ni zake na ukuta. Niligawa chakula mara tatu. Sehemu ya wadudu nikaificha ndani ya karatasi zilizokunjwa na kwenye matundu ya gogo. Nikapaka ulimbo wa mkakaya kwenye matawi ili auchubue. Matunda, ambayo yalikuwa nusu ya chakula chake kwa sababu tu anayapenda, nikayapunguza sana, na kalsiamu ikapangwa ili isizidiwe na fosforasi. Hilo halikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na mkia, ila upungufu wa kalsiamu huwapoozesha glaida miguu ya nyuma, na daktari hakutaka kulifumbia macho akiwa keshaliona. Gurudumu lilirudi, lile lisilo na ekseli katikati, ambalo haliwezi kunasa mkia.

Kosa la kiutaratibu: nilibadilisha yote hayo ndani ya siku tano. Ulambaji ulipungua, naweza kuonyesha kwenye daftari, lakini siwezi kumwambia mtu ni badiliko lipi lilifanya kazi. Ningeanza upya ningebadili moja kila wiki. Kwa mnyama ambaye kidonda kimefunga, subira hiyo inawezekana.

Tone, mara ya pili

Tone wakati wote huu alikuwa chumba kingine, akipimwa, akinenepa, akinizoea. Ilimbidi Kivuli amalize dawa na akae wiki mbili bila maumivu kabla sijathubutu tena. Sasa ninaamini ule ugomvi wa kwanza ulikuwa na maelezo rahisi. Mnyama anayeumwa nyuma hataki mgeni anayemnusa nyuma, na kunusa nyuma ndiyo salamu yenyewe.

Safari hii vizimba viliwekwa jirani, umbali ambao mkono hauwezi kupita waya ukashika mwenzake. Kila baada ya siku mbili nilibadilishana vifuko: Tone akalala kwenye harufu ya Kivuli, Kivuli kwenye ya Tone. Siku za mwanzo Kivuli alikitoa kifuko kwa meno na kukitupa chini. Siku ya tisa alilala ndani yake. Baada ya hapo nikaanza kubadilisha vizimba vyenyewe. Kukutana ana kwa ana kulisubiri wiki ya tano, na hakukufanyika nyumbani kwa yeyote kati yao, bali ndani ya hema dogo la kuchezea ambalo halikuwa na harufu ya mtu, mimi nikiwa ndani na taulo mkononi. Dakika kumi na tano. Ile sauti ya mtambo ilisikika mara mbili, fupi. Kisha Tone akapanda mgongoni kwangu, Kivuli akamfuata, wakakaa mabega mawili tofauti wakipumua kwa kasi.

Usiku wa sita wa hema Kivuli alimpaka Tone harufu ya kifuani. Nikawaweka pamoja katika kizimba kilichooshwa chote na kupangwa upya, vifuko viwili, bakuli mbili, matawi yasiyo na kona ya kumfungia mwingine. Asubuhi kifuko kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimetuna.

Manyoya ya mkia yalianza kuonekana kama vumbi la fedha wiki ya nne baada ya kidonda kufunga. Mwezi wa tatu kipara kilikuwa kimefunikwa, isipokuwa mstari mwembamba palipokuwa na jeraha, ambapo nadhani hapataota tena. Tezi nakagua kila mwezi ninapompima uzito. Sasa ni gramu 122, na daktari ameridhika nazo.

Juzi usiku niliwatazama kwenye kamera. Kivuli alikojoa, akajilamba mara mbili, akaacha. Tone alikuja nyuma yake na kuanza kumchana ukosini kwa meno, taratibu, muda mrefu, naye akafumba macho. Nilipenda kuona hivyo. Asubuhi nilimtoa Kivuli, nikampuliza manyoya ya ukosi kuangalia kama kingo zimeanza kunyooka. Bado ni mazito. Nimeandika tarehe kwenye daftari.